Mario kwenye DS: jinsi ya kufungua dunia ya 4 na ya 7, mwongozo kamili

Shule zikifungwa tu, meza yangu ya ufundi hapa Malindi hujaa Nintendo DS zinazodaiwa kuwa mbovu. Nyingi hazina ubovu wowote. Kilichomo ndani ni kaseti ya New Super Mario Bros., ule mchezo wa 2006 uliomrudisha Mario kwenye kukimbia kushoto na kulia, na mwenyewe amekwama: dunia ya 4 haifunguki, ya 7 haifunguki, basi kaseti "ni feki".

"Ami, nimelipa sarafu zote, bado ile dunia ya nne imefungwa."

"Bosi wa jangwani ulimpigaje? Ukiwa saizi gani?"

"Mkubwa. Na moto juu."

Basi jibu ndilo hilo. Dunia hizi mbili hazinunuliwi kwa sarafu wala hazifunguki kwa kumaliza leveli zote. Ya 4 hufunguka ukimshinda bosi (adui mkuu) wa ngome ya dunia ya 2, ile ya jangwani, ukiwa umekula uyoga mdogo. Ya 7 hufunguka kwa sharti hilohilo kwenye ngome ya dunia ya 5. Ukishinda kwa umbo jingine lolote, mchezo unakupeleka dunia ya 3 au ya 6 na kuendelea kana kwamba hakuna kilichokosekana, ndiyo maana watu hudhani kaseti ina kasoro.

Vidole si tatizo. Watu wengi hushindwa kwa maandalizi, hasa suala la kuhifadhi mchezo, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

## Vitu unavyohitaji

- Mashine inayosoma kaseti za DS: DS ya kwanza, DS Lite, DSi, au yoyote ya familia ya 3DS na 2DS. Nintendo Switch haiingii kaseti hii, usijaribu kuilazimisha.
- Kaseti ya New Super Mario Bros. Ya Ulaya, Marekani au Japani, zote hucheza kwenye DS yoyote.
- Chaja inayofaa (soma onyo hapa chini kabla hujachomeka).
- Kalamu ya skrini, au ukucha safi.
- Pamba za masikio na spiriti, ile inayouzwa duka la dawa.
- Sarafu kubwa za nyota, angalau tano ambazo hujazitumia.
- Maisha ya kutosha. Ukiwa na matatu, kayaongeze kwanza.

Onyo la chaja. Umeme wetu ni volti 240. Chaja zilizoletwa na Waitaliano, na Malindi ziko nyingi, zimetengenezwa kwa volti 230, kwa hiyo hazina shida; unachohitaji ni adapta tu kwa sababu pini zake ni za mviringo. Chaja iliyotoka Marekani au Japani ni habari nyingine. Nyingi za DS Lite zimeandikwa volti 120 au 100, na ukiichomeka ukutani moja kwa moja unasikia harufu kabla hujaona moshi. Geuza chaja, soma maandishi madogo mgongoni, tafuta neno INPUT. Kama 230 au 240 haimo, iweke kando utafute waya wa USB wa DS Lite. Ni rahisi, na hufanya kazi na kichwa cha chaja ya simu.

## Hatua ya 1: Hakikisha kaseti inahifadhi

Fanya hivi kabla ya jambo lolote, maana kaseti za bandia zipo na nyingi hucheza vizuri ila hazihifadhi. Utahangaika siku nzima, uzime, uwashe, ukute patupu.

Anza faili jipya (kaseti ina nafasi tatu, kwa hiyo huna haja ya kufuta la mdogo wako). Cheza dunia ya 1 hadi umalize mnara. Hapo mchezo utakuuliza kama unataka kuhifadhi. Kubali, subiri ujumbe umalizike, zima mashine, toa kaseti, irudishe, washa.

*Umefaulu ukiona:* faili lako liko palepale na ramani inaonyesha mnara umeshapitwa.

Kama faili limepotea, au mashine haioni kaseti kabisa, safisha kwanza kabla ya kulaumu. Upepo wa bahari huku kwetu una chumvi, na chumvi hukaa kwenye zile meno za shaba za kaseti kama utando wa kijani au weusi. Lowesha pamba kwa spiriti kidogo, sugua meno kwa kwenda upande mmoja, geuza pamba upande safi, rudia hadi isitoke na uchafu. Acha ikauke kabisa. Usipulize kwa mdomo: mate ni maji, na maji ndiyo yanayoleta huo utando. Ikiwa baada ya hapo bado haihifadhi, kaseti hiyo ni ya bandia au mbovu, mrudishie aliyekuuzia.

Mashine ikiwaka kwa Kiitaliano na wewe hukijui, ingia kwenye mipangilio ya mashine yenyewe ubadilishe lugha. Mchezo wa toleo la Ulaya hufuata lugha ya mashine.

## Hatua ya 2: Pima vitufe vitatu na skrini ya chini

Unahitaji kuruka, kukimbia, na mshale wa chini. Mshale wa chini ndio wa kuchunguzwa zaidi, maana katika uchezaji wa kawaida watu huutumia kidogo, na mtu hagundui kama umekufa hadi amefika kwa bosi.

Jaribio lake: ruka, na ukiwa hewani bonyeza chini. Mario anajikunja halafu anajitupa kitako kwa kishindo. Rudia mara kadhaa mfululizo. Ikiwa mara nyingine anashuka kawaida tu, raba iliyo chini ya kitufe imechoka au ina uchafu. Fundi yeyote wa simu mwenye bisibisi ya DS anaweza kuifungua na kuisafisha.

Skrini ya chini nayo ndiko kunakokaa akiba, yaani kifaa kimoja cha ziada ambacho Mario hakitumii kwa sasa. Ukikigusa kinashuka kutoka juu ya skrini ya mchezo. Ikiwa unagusa hapa inaitika pale, rekebisha mguso kwenye mipangilio ya mashine. Dakika moja tu.

## Hatua ya 3: Elewa saizi tatu za Mario

Nusu ya wanaokwama wamekwama hapa, kwa hiyo nenda polepole.

Mario mkubwa ni yule aliyekula uyoga mwekundu. Akiguswa na adui, hurudi kuwa mdogo.

Mario mdogo ni yule unayeanza naye, asiye na kitu. Wengi humshinda bosi wakiwa hivi, wakidhani wametimiza sharti. Hawajatimiza. Mchezo hauhesabu.

Kijimario ni yule aliyekula uyoga mdogo wa buluu. Ni wa kujazia kiganja: anapita kwenye mabomba membamba, anaruka juu sana na kushuka taratibu, akikimbia juu ya maji hazami. Huyu ndiye anayetakiwa.

Kuna pia uyoga mkubwa kupindukia, ule unaomfanya Mario ajaze skrini na kubomoa kila kitu. Unafurahisha sana, lakini hapa hauna kazi.

Kijimario ana udhaifu wa aina mbili. Akiguswa mara moja, amekufa. Halafu, akimrukia adui kichwani kama kawaida, hamuumizi, anadunda tu kama mpira wa tenisi. Ili aumize, lazima ajitupe kitako. Sasa unaona kwa nini nilisisitiza mshale wa chini.

## Hatua ya 4: Fanya mazoezi kabla ya kuwa kijimario

Rudi leveli za mwanzo za dunia ya 1. Kwa kila adui unayekutana naye, jilazimishe kumuua kwa kitako peke yake. Ruka uwe juu yake kwanza, ndipo ubonyeze chini. Kosa la kawaida ni kubonyeza mapema wakati bado unapanda, ukashuka kando yake.

Kuna kisitasita kidogo hewani kabla Mario hajashuka. Wakati huo adui anaendelea kutembea. Kwa hiyo lenga pale atakapokuwa, usilenge alipo.

*Umefaulu ukiona:* unaweza kumaliza leveli nzima bila kumrukia adui hata mmoja kwa njia ya kawaida, na huhitaji tena kuangalia vidole.

## Hatua ya 5: Acha kibao kimoja bila kukilipia

Hii ndiyo siri ya mwongozo wote, na ndiyo ambayo watu hupuuza.

Kabla hujamaliza mchezo mara ya kwanza, hauwezi kuhifadhi utakapo. Unaulizwa kuhifadhi katika nyakati maalumu, kwa mfano umalizapo mnara au ngome, na pia kila unapolipa sarafu tano za nyota kwenye kibao kilichoziba njia ya ramani. Kila leveli ina sarafu tatu za nyota, na leveli zipo 80, kwa hiyo sarafu zote ni 240. Watu wakizipata tu, hukimbilia kulipa vibao vyote. Matokeo yake wanapata uyoga mdogo, wanaenda kwa bosi, wanakufa, na hawana pa kurudi.

Wewe fanya hivi: katika dunia ya 1 au ya 2, acha angalau kibao kimoja kimefungwa, na uwe na sarafu tano mkononi. Kibao hicho ndicho kitufe chako cha kuhifadhi. Utakilipia baada ya kupata uyoga mdogo. Ukishindwa na bosi, unazima mashine bila kuhifadhi, unawasha, unajikuta na uyoga wako na maisha yako yote.

Wapo wanaosema huo ni udanganyifu. Mimi sioni hivyo. Mchezo umekupa kibao, na ni wewe unayeamua ukilipie lini.

Na umeme ukikatika? Mashine hii ina betri, haikuhusu. Angalia taa tu: ya kijani (kwenye DSi na 3DS ni ya buluu) iko sawa, ikigeuka nyekundu chaji inaisha. Ukiitwa uende dukani, funga kifuniko. Mchezo unalala ulipofikia na unaamka ukifungua. Lakini kulala si kuhifadhi. Betri ikiisha wakati kifuniko kimefungwa, yote yamekwenda.

## Hatua ya 6: Tafuta uyoga mdogo

Sehemu za kutafuta ni mbili.

Ya kwanza ni nyumba nyekundu za Toad, yule rafiki wa Mario mwenye kichwa cha uyoga, kwenye ramani. Zipo za rangi tofauti: ya kijani ni ya maisha, nyekundu ni ya vifaa vya nguvu. Hakuna ahadi kwamba utapata uyoga mdogo. Nyingi zimefichwa nyuma ya vibao vya sarafu tano, kwa hiyo panga vizuri: kibao cha kufikia nyumba kisiwe ndicho kile ulichokitenga kwa ajili ya kuhifadhi.

Ya pili ni masanduku ya alama ya kuuliza. Wakati mwingine utaona moja linaelea kwenye ramani juu ya leveli fulani. Ingia leveli hiyo ulitafute mapema, ulipige. Kama kilichotoka si unachotaka, endelea na maisha.

Ukiupata uyoga, angalia skrini ya chini. Ama umekaa kwenye akiba, ama Mario mwenyewe ameshakuwa kijimario. Hali zote mbili zinafaa, ila ya akiba ni bora zaidi, na nitaeleza kwa nini kwenye hatua ya 7.

Sasa nenda kwenye kibao chako, lipa sarafu tano, kubali kuhifadhi.

*Umefaulu ukiona:* ukizima na kuwasha, unakuta uyoga mdogo uko kwenye akiba au Mario ni kijimario. Hakikisha kwa macho kabla ya kuingia ngomeni.

## Hatua ya 7: Ngome ya dunia ya 2

Kama uliwahi kuimaliza ngome hii ukiwa mkubwa, usijali. Ngome zinarudiwa. Huna haja ya kuanza faili jipya, na naomba uwaambie wenzako hilo, maana nimeona watoto wakifuta kazi ya mwezi mzima bure.

Ukiwa na uyoga kwenye akiba. Pita ngome ukiwa mkubwa au na moto, kama ulivyozoea. Ukiguswa unapungua tu, hufi, na ndiyo faida ya akiba. Njiani usiokote kifaa kingine cha nguvu kama si lazima, kisije kikachukua nafasi ya uyoga wako kwenye akiba. Ukifika karibu na mlango wa bosi, simama mahali penye sakafu imara, pasipo na shimo wala adui. Gusa akiba. Uyoga unashuka kutoka juu. Sogea chini yake uule. Umekuwa kijimario. Ingia.

Usiuite uyoga ukiwa ukingoni mwa shimo. Ukianguka shimoni hakuna wa kuupokea, na akiba haina wa pili. Pia angalia saa ya leveli juu ya skrini: usisimame mlangoni ukivuta pumzi hadi muda uishe.

Ukiwa tayari ni kijimario. Lazima upite ngome yote bila kuguswa hata mara moja. Inawezekana, kwa kuwa anaruka juu sana na unaweza kupita juu ya maadui wengi badala ya kupigana nao. Lakini usikimbie. Mshuko wake wa taratibu humfanya apitilize pale ulipotaka atue, basi achia kitufe cha kukimbia kila unapokaribia ukingo.

Bosi mwenyewe. Anaitwa Mummipokey, dude la jangwani linaloibuka kutoka mchangani, linatema mawe, kisha linazama tena. Pigo tatu kichwani zinamtosha, na kwa kijimario pigo ni kitako.

Mwanzoni usimpige kabisa. Mwache aibuke na kuzama mara moja au mbili ili uone mwendo wake. Kaa katikati ya ukumbi, maana ukikaa kwenye kona akiibuka upande wako huna pa kukimbilia. Akiibuka, kwepa mawe kwanza. Ruka ukiwa mbali kidogo, elea hadi juu ya kichwa chake, ndipo ubonyeze chini. Ukiona umechelewa na anaanza kuzama, mwache aende. Ataibuka tena, na hakuna zawadi ya kumuua upesi. Tamaa ya pigo la tatu ndiyo inayoua watu wengi kuliko mawe.

*Umefaulu ukiona:* baada ya ngome, ramani inakufungulia njia ya dunia ya 4, msitu wenye madimbwi ya sumu. Kubali kuhifadhi ukiulizwa. Usipoulizwa, cheza hadi mnara wa dunia ya 4, au lipa kibao kingine, kabla hujazima.

Ukifa: zima, washa, jaribu tena. Kumbuka kutohifadhi mahali popote katikati.

## Hatua ya 8: Ngome ya dunia ya 5

Hapa ni kule kwenye theluji, na utaratibu ni uleule: kibao kilichotengwa, uyoga mdogo, hifadhi, ngome, mlango. Sitarudia. Kinachobadilika ni bosi.

Petey Piranha ni ua kubwa lenye meno na mabawa. Huruka juu, kisha hujitupa chini akulalie. Usisimame chini yake, lakini pia usikimbilie mbali sana, kwa sababu akitua huzubaa kidogo kabla ya kuruka tena, na hapo ndipo nafasi yako. Ukiwa mbali hutawahi. Kaa umbali wa mruko mmoja. Akitua, panda juu yake, kitako, ondoka upande wa pili. Mara tatu.

Wanaozoea Mummipokey hufika hapa wakiangalia sakafu. Huyu anatoka juu. Na kwa kuwa kijimario hushuka taratibu, ukiwa hewani wakati anajitupa huwezi kukwepa haraka, kwa hiyo baki chini hadi atue kwanza. Kwenye barafu ya njiani kuelekea ngome, gusa vitufe kidogo kidogo. Mtelezo unaua zaidi ya maadui.

*Umefaulu ukiona:* njia ya dunia ya 7, ile ya mawinguni, imefunguka.

## Ukiendelea kukwama

"Nilimuua nikiwa kijimario, bado haikufunguka." Karibu kila mara mtu alikuwa Mario mdogo wa kawaida. Weka wawili hao kando kwa kando kichwani mwako: kijimario anaingia kwenye bomba jembamba, mdogo haingii.

"Namrukia bosi lakini hafi." Unamdunda. Bonyeza chini.

"Sina kibao kilichobaki." Hili lina dawa, ingawa ni ndefu. Achana na dunia ya 4 na ya 7 kwa sasa. Mchezo unamalizika bila hizo: unatoka ya 3 kwenda ya 5, na ya 6 kwenda ya 8. Mshinde Bowser, adui mkuu wa Mario, kwenye ngome ya mwisho ya dunia ya 8, na kuanzia hapo unaruhusiwa kuhifadhi wakati wowote ukiwa kwenye ramani. Ndipo urudi dunia ya 2 na uyoga wako, uhifadhi mbele ya mlango wa ngome, na ujaribu mara nyingi upendavyo. Kwa mtoto aliye chini ya miaka kumi, mimi humshauri mzazi aanzie na njia hii.